Kibirichia hadi Dallas, Kisahani Kikiwa Mkononi

Walisema sitashika usukani tena. Mwenyekiti wa chama chetu cha viazi pale Kibirichia alisema hivyo mbele ya watu, jirani yangu wa ng'ambo ya kijito akarudia kanisani, na shemeji yangu Murithi akasema kwa upole, ambao ni mbaya zaidi: "Mutwiri, wewe njoo tu Embu ukae kwa kaunta ya hardware yangu. Kiti kiko. Mambo ya gari waachie wenye afya."

Mimi huyu. Mimi niliyejilipia mwenyewe diploma ya kupaka magari rangi, nikiuza viazi kila likizo. Mimi niliyekwenda Uarabuni nikapaka magari ya matajiri mpaka wakawa wanauliza, yule Mkenya yuko zamu leo? Nimerudi na kompresa yangu, bunduki zangu za rangi na pikapu niliyoipaka kwa mkono wangu, buluu ambayo hata mkijiangalia ndani yake mtachana nywele. Sasa nikakalie kiti cha kuuza misumari.

Nyinyi marafiki mmeniuliza sana ilikuwaje, na kila mmoja nimempa kipande. Nimekaa chini niandike yote mara moja. Habari za leseni, bima na karatasi za gari nitaziruka.

Mnajua kwamba sukari ilinipata nikiwa ng'ambo, na kwamba najidunga insulini. Mnajua pia kwamba niliporudi nilianguka kwenye foleni ya kusaga mahindi pale posho mill, sukari ikiwa imeshuka bila kunibishia hodi. Tangu siku hiyo mke wangu Kendi, ambaye anafanya kazi ya ofisi mjini Embu, ambako tumepanga nyumba mtaa wa Dallas, aliuchukua ufunguo wa pikapu. Alinipa tena kwa sharti moja.

"Huu nakukopesha," alisema. "Uendeshe kutoka huko kwa mama yako mpaka hapa Dallas, kisahani kikiwa mkononi, na mimi nikiona sukari yako kwa simu yangu. Kikitoka, simama hapo hapo mpaka ubandike kingine. Ukikosa cha kubandika, Murithi atakuja na dereva kuchukua gari. Ukifika, fungua garaji yako. Usipofika, ni kaunta."

Kisahani hicho ni kidude kama kizibo cha soda. Kinabandikwa nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, kina uzi mwembamba unaoingia kwenye ngozi, na kinatuma hesabu ya sukari kwenye simu. Sukari yenyewe nilikuwa nimeizoea. Shida yangu ilikuwa gundi. Visahani vya kwanza havikunisumbua. Baadaye kila nilipokibandua kimoja kilikuwa kimeacha duara jekundu, kama alama ya kikombe cha chai kwenye meza, na muwasho wa kukufanya ujikune kwa ukuta. Vitatu vya mwisho nilivibandua kabla ya siku zake kwisha. Nilikuwa nimebaki na viwili.

Kibirichia, kwenye zizi

Siku ya safari ukungu ulikuwa umelala juu ya viazi. Nyuma ya pikapu tulipakia kompresa, vifaa vyangu vya rangi na gunia mbili za viazi za kupeleka Embu. Gitonga, rafiki yangu wa rika moja, alipanda mbele. Hajui kuendesha hata mkokoteni, lakini Kendi alitaka shahidi.

Mama alikuwa ametoka kukamua. Aliliona lile duara jekundu kwenye mkono wa kushoto, akarudi zizini, akaja na mkebe wa jeli ya kukamulia.

"Paka hii," akasema. "Inaponya ng'ombe. Itashindwa na wewe?"

Hakuna mtu wa kwetu ambaye hajaipaka jeli hiyo. Baridi ikipasua mikono, unachovya kwenye mkebe wa ng'ombe na hakuna anayeshangaa. Nikawaza, nikiipaka chini ya kisahani gundi haitagusa ngozi, kwa hiyo haitaniuma. Nikapaka ya kutosha juu kidogo ya lile duara, nikabandika kisahani, nikashusha mkono wa sweta na kuvaa jaketi. Hata mtu mwenye diploma, akisimama kwenye zizi la mamake, anarudi kuwa mtoto wa zizi.

Gitonga alinitazama akatikisa kichwa. "Baite, rafiki yangu, umeshapakwa. Kilichobaki ni ndoo ya kukamulia."

Kushuka Kinoru

Kisahani kipya hukaa saa moja kabla ya kutuma hesabu, kwa hiyo tulingoja kabla ya kuondoka. Kilipoamka, Kendi akaandika kwenye simu kwamba anaona hesabu, tukashuka vizuri, nami nikawa naimba.

Karibu na uwanja wa Kinoru kuna mchinjaji anaitwa Juma, ambaye supu yake niliiota miaka yote niliyokuwa Uarabuni. Ndani mlikuwa na joto, nikavua jaketi na kukunja sweta. Juma akakiona kisahani.

"Hiyo kitu ni ya nini? Ama mdosi wako wa Arabuni bado anakufuatilia?"

"Mdosi ni mke wangu," nikamwambia, nikainua kiwiko ili aone vizuri.

Kisahani kikateleza. Kiliteleza polepole, kama lori kwenye matope ya kwetu, kikaanguka ndani ya bakuli la Gitonga.

Gitonga alikitoa kwa kijiko, akakiangalia. "Sasa hii supu yangu ina sukari ngapi?"

Simu ililia kabla Juma hajamaliza kucheka.

"Uko wapi?" Kendi akauliza. "Simu inasema hakuna mtu."

"Niko Kinoru."

"Yaani hata Meru mjini hujatoka. Umebaki na kingine?"

"Kimoja."

"Basi tumia akili uliyosomea."

Sikuitumia. Nilikuwa na haraka na aibu. Niliupangusa mkono wa kulia kwa karatasi ya mezani, vidole vyangu vikiwa bado na mafuta ya supu, nikabandika kile cha mwisho. Ukingo mmoja haukushika. Gitonga alishauri tutumie gundi ya kuziba pancha, kwamba baiskeli yake haijalalamika tangu mwaka juzi. Nilikataa. Mtu mwenye diploma yangu hawezi kuzibwa kama tyubu.

Ndipo Juma akakunja suruali, akafungua bandeji ya mpira aliyokuwa amevaa kwenye goti.

"Jifunge na hii. Goti litangoja. Lakini ni ya kuazima, bwana. Unirudishie."

Ilikuwa inanuka mafuta ya mbuzi. Nilijifunga kwa nguvu, tukangoja saa nzima kisahani kiamke. Gitonga aliitumia saa hiyo kwa bakuli la pili.

Kinoru hadi Chogoria

Tulipita Nkubu na jua. Karibu na Igoji mvua ilituangukia kana kwamba ilikuwa na kisasi, na gurudumu la nyuma likapata pancha papo hapo. Jeki ilizama kwenye tope. Tulitafuta mawe, tukashusha kompresa, tukashusha viazi, tukapakia tena. Gitonga aliniambia gundi yake ya pancha sasa ingekuwa na heshima. Nilitokwa jasho la kutosha kuosha gari, na chini ya bandeji ya Juma mkono ulianza kuwasha, kwanza kama nzi ametua, halafu kama siafu.

Hatungeweza kwenda mbali. Tulilala Chogoria kwa mama mmoja mwenye nyumba ya wageni, mcha Mungu sana, aliyetupikia mukimo na kabichi. Aliiona bandeji, akashika mashavu.

"Pole, mwanangu. Ni ajali?"

Nilifungua kinywa nieleze habari za gundi, lakini alikuwa ameshafumba macho. Aliuombea mkono wangu uliovunjika kwa urefu, mfupa kwa mfupa, na dereva aliyenigonga akamwombea pia asamehewe. Gitonga aliitikia amina kila mahali, machozi ya kicheko yakimtoka, na yule mama akamsifu kwa kuwa na moyo mwepesi. Asubuhi hakukubali tulipie uji.

Chuka

Kabla hatujafika Chuka nilikuwa siwezi tena. Hesabu zilikuwa zinaingia vizuri, lakini mkono uliwaka moto. Niliegesha kando ya hoteli moja ndogo mara tulipoingia mjini, nikafungua bandeji. Kuzunguka kisahani malengelenge yalikuwa yamejipanga kama shanga, na maji yalikuwa yanatoka. Nilishika ukingo, nikavuta juu kwa mara moja, kama mtu anayeng'oa plasta. Kisahani kikatoka na ngozi yake.

Kendi alipiga simu. Safari hii hakuuliza niko wapi.

"Kimetoka?"

"Kimetoka."

"Kuna kingine?"

"Hakuna."

Nilisikia watu wa ofisini kwake wakizungumza nyuma yake. "Nimwambie Murithi aje?"

"Nipe mpaka jioni," nikasema. Sauti yangu sikuipenda.

"Jioni. Na uchome kidole upime kwa mashine, usikae hivyo."

Nilipima. Sukari ilikuwa sawa. Hilo halikuwa na faida kwa usukani wangu, maana hesabu ya mashine ya kidole haifiki kwenye simu ya Kendi. Nilizunguka famasi za mjini moja baada ya nyingine. Visahani vile hawaweki, unaagiza, unangoja. Nilirudi hotelini nikiwa nimeshaanza kuiona ile kaunta, na mimi nyuma yake, nikihesabia watu misumari.

Gitonga alikuwa ameketi na mzee mmoja mwenye kofia. Alinionyesha kwa kidevu. Mzee alikuwa amekunja mkono wa shati, na nyuma ya mkono wake kulikuwa na kisahani kama changu, kimetulia kama kilizaliwa pale.

Aliitwa Mzee Njeru, dereva wa malori aliyestaafu, mtu wa Runyenjes. Alikuwa amekwama Chuka akitafuta usafiri wa kwenda nyumbani na mifuko yake ya mbegu. Gitonga alikuwa amemweleza yote, hata supu.

"Kijana," akaniambia, "mimi nabandika tu kama stempu. Ngozi yangu ni ya kiboko. Yako ni ya nini, ya yai?"

"Ni ya fundi, mzee."

Alicheka, akafungua mkoba, akatoa kisanduku kipya. "Nakuazima hiki. Unipeleke na mbegu zangu mpaka nyumbani, na kisahani unirudishie kingine. Lakini ukikirarua kama ulivyorarua hicho, usinionyeshe uso."

Nilikipokea kwa mikono miwili. Halafu sikukibandika. Hapo ndipo nataka msome polepole, kwa sababu hapo ndipo nilipotumia kichwa changu.

Nilienda nikakaa nyuma ya pikapu, nikaitazama ile rangi. Nikajiuliza: mtu akiniletea gari, je, nitalipaka jeli ya ng'ombe kwanza? Rangi haishiki juu ya mafuta. Inateleza, inafanya vishimo vya duara tunavyoviita macho ya samaki. Je, nitalipangusa na karatasi ya hoteli? Nitalifunga bandeji litoe jasho? Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angefukuzwa. Gari unalisafisha mpaka mafuta yaishe, unalikausha, unapaka praima, ile rangi ya chini ya kushikia, inakauka, ndipo rangi yenyewe. Na ile tepu ya kuzibia vioo huivuti juu. Unaikunja irudi nyuma yenyewe, chini chini, polepole, la sivyo inaondoka na rangi. Mikono hii imefanya kazi hiyo nusu ya maisha yangu, na ngozi yangu mwenyewe nilikuwa naifanyia kama mlango wa choo.

Nilirudi kwenye famasi ya mwisho niliyoitoka. Dada wa pale aliitwa Kagendo.

"Nataka praima ya ngozi," nikamwambia.

"Unaoa?" Akaniletea vitu vya kupaka maharusi.

Nilimweleza kwa kirefu: kitu kinachopakwa, kinakauka, kinakuwa kama ngozi nyembamba juu ya ngozi, ili gundi ishike juu yake na isiniguse mimi. Aliacha kucheka. Akasema kipo, kinatumiwa na watu wanaovaa mfuko tumboni baada ya upasuaji, ambao gundi inawachoma hivyo hivyo kila siku. Alikuwa na chupa moja, imewekwa kando ya mteja wake.

"Niazime," nikasema.

"Dawa haiazimwi."

"Dada, nikikosa hiyo chupa nitauza misumari maisha yangu yote."

Alinitazama, akautazama mkono. Aliusafisha ule uliochubuka, akaufunika kwa shashi. "Hapa usibandike kitu mpaka papone kabisa, na pakitoa usaha nenda hospitali. Weka upande mwingine, penye ngozi nzima. Na kabla ya yote tone moja hapa ndani ya mkono, tuone kama hata hiyo praima yako itakukataa." Tulingoja. Haikunikataa. "Mteja wangu anakuja wiki ijayo," akasema. "Uniletee nyingine kabla yake."

Kisha nikafanya kazi. Niliosha mkono wa kushoto kwa sabuni, juu mbali na lile duara la zamani, nikamwagia maji. Maji yalisimama matone matone. Maana yake jeli ya Mama ilikuwa bado ipo. Nikaosha tena mpaka maji yakatandazika, kama ninavyopima mlango wa gari. Nikapangusa na spiriti, nikaacha ikauke yenyewe. Nikapaka praima, nikangoja mpaka isinate kidole. Nikabandika kisahani, nikakigandamiza kwa kiganja ili gundi ipate joto. Bandeji ya Juma niliikunja mfukoni.

Saa ya kungoja ilikuwa ndefu kuliko njia yote. Mzee Njeru alisinzia. Gitonga hakutania hata mara moja, ndipo nikajua naye ana wasiwasi.

Simu ililia.

"Nakuona," Kendi akasema.

Chuka hadi Runyenjes

Tulibanana watatu mbele, mbegu miguuni. Mzee Njeru alinisomesha kila kona kabla sijaifikia, na kila kona ilikuwa na hadithi ya lori lililomshinda mwingine. Tulivuka mto Thuci, tukaanza kupanda upande wa Embu, kahawa kulia na kushoto.

Hapo simu yangu ikapiga kelele. Sukari ilikuwa inashuka, mshale umeelekea chini. Mimi mwilini sikusikia kitu, nilikuwa najiona simba. Niliegesha papo hapo, nikanywa soda niliyokuwa nayo mlangoni. Kendi akawa amepiga tayari.

"Umesimama?"

"Nimesimama. Nakunywa."

"Haya. Nipo."

Tuliketi tukitazama hesabu ikirudi juu. Mzee Njeru alivua kofia, akaiweka gotini. Kwenye foleni ya posho mill sikuwa na wa kuniambia kwamba sukari inashuka. Nilikigusa kisahani. Hakikuwasha.

Kwa Mzee Njeru mkewe alitupa ndizi za kuchemsha na maharagwe, akasema mume wake hajawahi kuazima mtu hata jembe, kwa hiyo tufikirie tulichomfanyia.

Runyenjes hadi Dallas

Kilichobaki kilikuwa kifupi. Tuliingia Embu jua likiwa linazama, tukafika Dallas, nikapiga honi mara tatu kama bwana harusi. Murithi alikuwa ameketi mlangoni na ufunguo wa gari lake mkononi, tayari kuja kutuokoa. Kendi alinikunjia mkono wa sweta kabla ya kunisalimu. Kisahani kilikuwa pale pale.

Kilikaa mpaka siku yake ya mwisho, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa muda mrefu. Siku ya kukitoa nilimwomba Kendi ule mkebe wa jeli ambao Mama alikuwa ameutia kwenye gunia la viazi bila kuniambia. Tulipaka kwenye ukingo, tukaipa muda ilainishe gundi, kisha Kendi akaukunja ukingo nyuma chini chini kama nilivyomfundisha kukunja tepu. Kisahani kilitoka bila kulia. Pakabaki duara la waridi, jepesi, ambalo lilipotea. Jeli haikuwa na kosa. Niliiweka mwanzoni, na mahali pake ni mwishoni. Sasa nabadilisha mikono, na kila mahali napapumzisha.

Kurudisha

Visahani vipya vilipofika, niliupanda mlima tena, peke yangu, kisahani mkononi. Runyenjes nilimrudishia Mzee Njeru kisanduku chake, nikakunja mkono wa shati aone. "Ya yai imekuwa ya kiboko," akamwambia mkewe. Chuka nilimpa Kagendo chupa mbili, moja ya mteja wake na moja ya mtu mwingine atakayeingia akiomba praima. Kinoru nilimpelekea Juma bandeji mpya ya goti, ambayo haijawahi kunuka mbuzi, akanipa supu na kukaa mbali na bakuli langu. Kibirichia nilipita polepole mbele ya kwa mwenyekiti wa chama, dirisha limefunguliwa. Mama nilimpa mkebe mpya. Aliupokea akaenda nao moja kwa moja kwa ng'ombe.

Nilikuwa nimerudi Dallas kabla ya jioni. Kendi alikuwa mezani, Murithi naye amekuja kutembea. Niliuweka ufunguo wa pikapu mbele ya mke wangu.

"Na huu pia ulinikopesha," nikasema.

Hakuangalia simu. Aliuangalia mkono wangu, akauchukua ufunguo, akavuta funguo za garaji yangu mpya zilizokuwa mezani, akautia kwenye pete hiyo hiyo, akanirudishia zote pamoja. Hapo sikubaki na deni la mtu yeyote, kutoka Kibirichia mpaka Dallas.

Murithi alikohoa. Akasema gari lake lilikwaruzwa mlango huko sokoni, na kama sina haraka, labda nimtazamie rangi.

Nilimvutia kiti.

"Keti tupange, shemeji," nikamwambia. "Kiti kiko."